Barua kwa Kasimu kuhusu dume wa pili

Kinondoni, Dar es Salaam

Ndugu yangu Kasimu,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na mama na watoto, na kwamba Mzee Kabwe amekwisharejea salama kutoka Bujumbura. Sisi hapa ni wazima, alhamdulillah, ingawa joto la mwezi huu limetuchosha. Niwie radhi kwa kufupisha salamu, kwani kilichonikalisha mezani usiku huu ni jambo moja: mmoja wa wale samaki waliozaliwa katika matangi yako anaumwa, na sijui anaumwa nini.

Namzungumzia dume wa pili, yule ambaye alipokuwa mdogo ulinionyesha kwa kidole kwa sababu madoa yake meupe yalikuwa mengi kuliko ya wenzake. Amekwishakuwa mkubwa sasa. Kichwa kimegeuka buluu na mshipi wa njano umemzunguka kiwiliwili, sawa na ulivyoniambia kwamba ndivyo walivyo wale wa Maswa, ile ya ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Jioni ile alikuwa akiparura mwani juu ya mawe na kumfukuza kila aliyemsogelea. Asubuhi nilipowasha taa, wenzake wote walikuja mbele ya kioo kutaka chakula, naye hakuja. Nilimkuta amesimama nyuma ya jiwe kubwa, kwenye pembe iliyo karibu na kichujio, amebana mapezi, rangi imemfifia, anapumua upesi upesi. Hakuna samaki mgeni aliyeongezwa, chakula ni kilekile cha spirulina, yaani cha mwani mkavu, ulichonishauri, na wenzake wanakula kwa pupa hadi leo. Ugonjwa unaochagua mmoja kati ya wengi, kwa usiku mmoja, bila kutanguliza dalili yoyote, unanitia hofu kuliko ambavyo ungenitia kama wote wangeugua pamoja.

Nilianza na maji, kama ulivyonizoesha. Kipimo cha pH, yaani cha uchachu wa maji, kilisoma 8.6, joto nyuzi 26, amonia haikuonekana na nitriti haikuonekana. Najua kwamba kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, waliozoea maji ya pH ya juu, amonia ina hatari zaidi, maana katika maji yenye pH 7 sehemu yake yenye sumu haifiki asilimia 1, ilhali katika pH 9, joto likiwa nyuzi 25, sehemu hiyo hupanda hadi kama theluthi moja. Kwa hiyo nilirudia kupima jioni, na majibu yakawa yaleyale. Umeme ulikatika usiku huo, na kwa muda fulani nilidhani kwamba nimepata jibu. Lakini kama wangekosa oksijeni, wote wangepanda juu kuhema, na wakubwa ndio wangetangulia kudhoofika. Kuna pia suala la maji yenyewe. Bomba la mtaani kwetu limekauka, kwa hiyo yale niliyobadilishia mara ya mwisho yalikuwa ya boza. Niliyatuliza, nikayapulizia hewa na kuyapima kabla ya kuyatia, na hayakuonyesha ubaya wowote. Hata hivyo vipimo vyetu vya nyumbani haviwezi kuona shaba wala dawa ya kuulia wadudu, na mwenye boza hasemi anachota wapi.

Sasa nifike kwenye kiini cha shida, nacho ni dalili zinazopingana. Chakula anakipokea mdomoni, anakitafuna kidogo, kisha anakitema. Kinyesi chake kimekuwa utepe mweupe, mwembamba na mrefu. Hizo, kama nilivyojifunza kwako, ni dalili za mwanzo za ule ugonjwa wa kuvimba tumbo unaowaandama samaki wala mwani wa maziwa yetu, na kama ndio huo, basi siku zake ni chache kabla tumbo halijaanza kujaa. Lakini tumbo bado ni la kawaida. Jambo linalonitatiza zaidi ni kwamba kifuniko cha matamvua cha upande wa kulia hakifunguki. Anapumua kwa upande wa kushoto peke yake, na mara mojamoja anajisugua kwenye mchanga. Hakuna vidoa vyeupe mwilini, mapezi hayakuoza, na macho ni maangavu. Tumbo linaniambia hivi na matamvua yananiambia vile.

Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu dawa zake haziingiliani. Kwa maradhi ya tumbo ningetumia metronidazoli, ambayo hupambana na vijidudu vya utumboni lakini haiwagusi minyoo wadogo wanaoshika matamvua. Kwa minyoo hao ningetumia prazikwanteli, dawa ileile wanayopewa watoto wa shule kwa ajili ya kichocho, nayo haina msaada kwa vijidudu vya tumboni. Tena metronidazoli hufanya kazi vizuri zaidi ikichanganywa na chakula, na mgonjwa wangu hali. Muuza samaki wa mjini alinishauri nitie dawa tatu kwa pamoja, pamoja na ile ya rangi ya buluu, eti mojawapo haitakosa kumpata adui. Nilikataa, na bado naona nilifanya vema. Baadhi ya dawa huwaua pia bakteria waliomo kwenye kichujio, wale wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, na hapo tangi zima huugua kwa ajili ya mmoja. Daktari wa mifugo niliyemwendea alinipokea kwa heshima, akaniambia kwa uungwana kwamba yeye anajua ng'ombe na kuku, samaki hajapata kuwatibu.

Hadi sasa nimempunguzia mwanga, nimeongeza hewa na kubadilisha maji kidogo kidogo. Sikumhamisha. Nakumbuka ulivyonieleza kwamba samaki hawa wakitenganishwa na kundi, siku ya kurudi hupigwa kana kwamba ni mgeni, wakati mwingine hadi kufa. Badala yake nimeweka kizuizi cha plastiki chenye matundu ndani ya tangi lilelile, ili aonane na wenzake bila kuguswa. Kizuizi hicho kinamkinga dhidi ya dume mkubwa, ambaye namshuku kwa kiasi fulani, kwani wiki hizi amekuwa mkali mno, na samaki anayekimbizwa mchana kutwa hudhoofika kinga ya mwili. Lakini kama ni minyoo ya matamvua, maji yanapita pande zote mbili, na mimi nawaacha wengine hatarini huku nikijidai namlinda mmoja. Kila nikifikiri narudi kwenye lile tamvua la kulia.

Bi Mwajuma ananiambia ninunue mwingine nimalize shauri. Hana ubaya, ila samaki huyu hakununuliwa. Wazazi wake nimewaona kwako, nimemlea tangu akiwa na urefu wa kidole gumba, na singependa afe kwa sababu nilishindwa kuuliza mtu anayejua.

Ndiyo maana nakuuliza wewe. Je, umewahi kuona tumbo na matamvua vikiugua pamoja kwa samaki mmoja, na kama umewahi, kipi kilitangulia? Katika hali hii ungeanza na dawa ipi, na ungeiacha ifanye kazi kwa muda gani kabla ya kujaribu nyingine? Chumvi ya haluli, uliyomtilia jike wa Hamisi akapona, naweza kuitumia wakati bado sijajua ugonjwa, au nayo ingoje? Nimwondoe kwenye tangi hata kwa kuhatarisha nafasi yake katika kundi? Ndugu na dada zake waliobaki kwako wako salama, au kuna aliyeonyesha dalili kama hizi? Na ikiwa Mungu atamchukua, wale wataalamu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapo kwenu Kigoma watakubali kuyatazama matamvua yake kwa hadubini, nikiyahifadhi vizuri kwenye fomalini na kumpa mtu anayekuja kwa treni?

Nimeambatanisha picha za pande zote mbili, na ya upande wa kulia nimeipiga kwa karibu. Tafadhali usisubiri kupata nafasi ya kuandika. Nipigie simu saa yoyote, hata usiku wa manane, kwani dawa zote mbili nimekwishazinunua na sitafungua hata moja kabla sijakusikia.

Msalimie mama, na Mzee Kabwe pia.

Ndimi rafiki yako,
Idrisa