Billy Waugh hakumkamata Carlos, alimpiga picha

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Billy Waugh, yule sajini meja wa Marekani aliyeishia kuwa jasusi wa CIA, imesomwa sana huku Bombo na imezua ubishi mkali kwenye vibaraza vya kahawa. Mmeandika kwamba ndiye aliyemkamata Carlos, yule gaidi aliyesakwa miaka mingi, mjini Khartoum, Sudan. Sivyo. Waliomchukua ni Wafaransa, katikati ya Agosti 1994, baada ya wakuu wa Sudan kukubali kumtoa. Sehemu ya Waugh ilikuwa imekwisha miezi kadhaa kabla, bila risasi hata moja. Mkikosea hapo, maisha yote ya mtu huyu yanasomeka kichwa chini miguu juu.

Mmezipamba mno nishani zake, basi tuanze nazo. Waugh alizaliwa mwaka 1929 huko Bastrop, Texas, akapigana Korea, kisha akaingia kikosi maalumu na kupelekwa Vietnam. Mnamo Juni 1965, karibu na Bong Son, risasi zilimpata mguuni, gotini na kichwani. Askari wa adui walimkuta amelala wakadhani ni maiti, wakamvua nguo wakaenda zao. Kwa siku hiyo alipewa Silver Star, ambayo ni nishani ya ushujaa. Zile Purple Heart nane mlizoziita "nane za ushujaa" ni jambo jingine: hupewa askari aliyejeruhiwa na adui, au familia yake akiuawa. Nane maana yake adui alimpata mara nane. Afande yeyote atawaambia kwamba hiyo ni rekodi ambayo hakuna anayeitamani.

Lililomfaa baadaye katika ujasusi halikutoka Bong Son. Lilitoka SOG, kikosi cha siri kilichokuwa kikiingiza timu ndogo ndani ya Laos kukaa kando ya njia ya Ho Chi Minh, iliyopitisha askari na silaha za Vietnam Kaskazini kwenda kusini, kuhesabu malori na kurudi na habari. Timu ikilazimika kufyatua risasi, mara nyingi maana yake imeshaonekana, na safari imeharibika.

Huko ndiko ulikoanza ule mruko wa parachuti kutoka juu sana, na hapo pia mmechanganya. Mruko wa kwanza wa aina hiyo vitani ulifanywa Novemba 1970 na timu nyingine, ya watu sita. Waugh aliongoza ule wa Juni 1971. Nao si wa kuelezwa kwa mstari mmoja kama mlivyofanya. Mrukaji huvuta oksijeni tupu kwa dakika kama 30 kabla ya ndege kupanda juu, ili naitrojeni ipungue mwilini; asipofanya hivyo, hewa hiyo hutoa mapovu kwenye viungo na kumkunja kwa maumivu. Kwenye futi 18,000 kanieneo ya hewa ni nusu ya ile ya pwani (Kampala yetu iko karibu futi 4,000 tu), na mtu aliyepungukiwa oksijeni hajijui. Hujiona yuko sawa kabisa huku mikono haimtii. Miwani hushika barafu. Ukishatoka mlangoni unaanguka kwa takribani kilomita 190 kwa saa, na kwa dakika moja na nusu hivi huna cha kutazama ila saa ya kimo mkononi.

Kinachoharibika mara nyingi ni nafasi kati ya warukaji. Ndege hata ikienda polepole hupita zaidi ya mita 60 kila sekunde. Aliye nyuma akisita sekunde tatu, ameshaachana na wenzake karibu mita 200, kabla upepo na mawingu hayajaongeza yao. Timu ya 1970 ilitawanyika usiku kwenye mvua. Ya Waugh nayo ilitawanyika: walikuwa wanne, mmoja akaumia, na mmoja hakuonekana tena.

Alistaafu jeshi mwaka 1972 akaenda kufanya kazi ya posta. Ndiyo, posta. Hadi 1977, mtu huyu alikuwa akichambua barua za watu.

Mwaka huo akaajiriwa kwenda Libya kufundisha makomando wa Gaddafi, kazi ya mfanyabiashara Edwin Wilson. Kabla hajaondoka, CIA ikamwomba apige picha za mitambo ya kijeshi huko, na ombi hilo ndilo lililomwokoa Waugh pale Wilson aliposhtakiwa baadaye kwa kuuza silaha. Msomaji wa Uganda asiyejua kwa nini Libya ya miaka hiyo ilitazamwa kwa karibu aulize Lukaya. Machi 1979 askari wa Gaddafi walikuwa pale, barabara ya Masaka, wakimpigania Amin.

Sasa Khartoum. Carlos, Mvenezuela ambaye jina lake halisi ni Ilich Ramírez Sánchez, si mgeni kabisa katika historia yetu: Wilfried Böse, aliyeongoza utekaji wa ndege iliyoletwa Entebbe 1976, alikuwa mshirika wake Paris mwaka mmoja kabla. Waugh alifika Khartoum mwishoni mwa 1993, kituo cha CIA kikiwa chini ya Cofer Black. Picha waliyokuwa nayo ilikuwa ya miaka ya 70. Uzi waliupata kwa mlinzi wa Carlos, kutoka kwa mlinzi wakafika kwenye gari, Toyota Cressida nyeupe, na gari likawapeleka mlangoni pake. Baada ya hapo ni kukaa na kungoja, kamera mkononi.

Kupiga picha ya mbali si kununua lenzi kubwa tu. Lenzi ya milimita 1,000 hukuza mara 20 kuliko ile ya kawaida ya milimita 50, kwa hiyo uso ulio mita 200 unauona kana kwamba uko mita 10. Lakini mtetemo nao unakua mara 20. Mkono hautoshi; inatakiwa miguu mitatu mizito, na shata ya kasi ya 1/1000 ya sekunde. Kasi hiyo hula mwanga. Ukiweka filamu yenye kudaka mwanga haraka ili ufidie, chembe zake huwa kubwa na sura ya mtu inageuka uji. Tena mchana, lami na mabati yakishapata moto, mazigazi hucheza kati yako na unayemlenga, na hakuna lenzi inayoyaponya. Saa nzuri ni asubuhi mapema. Na kamera haikai dirishani, hukaa ndani kabisa ya chumba, taa zimezimwa, maana kioo cha lenzi kikipigwa na jua humeta kama kisu.

Miaka michache kabla, katika mji huohuo, alimfuatilia Osama bin Laden kwa kukimbia tu. Mzungu wa miaka 60 na ushei anayekimbia mitaani Khartoum anaonekana, hakuna ujanja. Akikimbia kila siku, walinzi wanamchoka, na aliyechokwa hatazamwi tena. Mwenyewe alisema baadaye kwamba alimkaribia kiasi cha kuweza kumuua, ila ruhusa hakuwa nayo. Ninyi mmeandika "aliogopa". Neno hilo tunaomba mlifute, pamoja na lile la kumkamata Carlos. Waugh alifariki Aprili 2023, na mwishoni mwa 2001, akiwa na miaka 71, alikuwa bado analala kwenye baridi ya milima ya Afghanistan.

Wasomaji wenu,
Bombo, Luwero