Rais mwenye kifua mnamsifu, ila makombora ya Uturuki mmeyaruka

Mhariri, habari za kazi.

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti huku Kibosho linapanda na Hiace na mpaka linifikie lishasomwa na watu watatu, ila makala yenu ya juzi kuhusu marais wa Marekani na Warusi enzi za vita baridi nimeisoma mara mbili na zote mbili imenikera. Eti Rais Kennedy wa Marekani alimkazia macho Khrushchev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, Mrusi akaogopa, akafungasha makombora yake Cuba akaondoka, na hivyo ndo rais anatakiwa awe. Jioni yake kwenye kilabu cha mbege vijana wa bodaboda wameibeba hivyo hivyo, mmoja kashika kata mkononi ananiambia "si unaona mzee, ukitunisha kifua mtu anarudi nyuma." Pale sikumjibu maana palikuwa na kelele, nimeona nijibu huku.

Ni kweli ndege ya kijasusi ya Marekani, U-2, ilipiga picha za makombora tarehe 14 Oktoba 1962 na ni kweli Kennedy alisimama kwenye tivii tarehe 22 akaitangazia dunia. Lakini angalieni hata neno alilochagua. Kuzingira nchi ya watu kwa manowari kisheria ni kitendo cha vita, yeye akaita "karantini", kama vile kuna ng'ombe wameugua kule. Majenerali wake, hasa Curtis LeMay wa jeshi la anga, wao walitaka mabomu tu, na wangepewa nafasi sijui leo tungekuwa tunaandikiana nini maana kumbe pale kisiwani kulikuwa na askari wa Kirusi zaidi ya 40,000 wakati Wamarekani wanakisia elfu kumi hivi, na kulikuwa na silaha ndogo ndogo za nyuklia za kupigia jeshi litakalotua ufukweni, Washington hawakuzijua kabisa, habari yake imekuja kutoka miaka thelathini baadae. Sasa kifua hapo kingesaidia nini jamani?

Jumamosi ya tarehe 27 ndo ilikuwa mbaya. Rubani Rudolf Anderson alitunguliwa juu ya Cuba akafa, kila mtu anasubiri Kennedy ajibu. Usiku huo huo akamtuma mdogo wake Robert akaonane na balozi wa Urusi, Dobrynin, akampe maneno mawili. La kwanza la hadharani, toeni makombora na sisi hatutaivamia Cuba. La pili la chini ya meza, kwamba makombora yetu ya Jupiter yaliyopo Uturuki, yalikuwa 15, yanawatazama nyie mlangoni kwenu, tutayatoa baada ya miezi kadhaa, ila mkisema hadharani hakuna makubaliano. Kesho yake Khrushchev akatangaza redioni anaondoa. Aprili 1963 ya Uturuki nayo yakang'olewa kimya kimya kana kwamba yamechakaa tu.

Mi hii niliielewa haraka kwa sababu niliiona kwa macho nikiwa darasa la tano. Babu yangu alikuwa mzee wa mfongo, ule mfereji wa maji unaotoka juu msituni, na kiangazi kimoja jirani wa juu akauziba na magogo ya migomba na tope, wa chini kahawa inakauka, panga zishatoka ndani. Watu wote wakaona babu anamwamuru wa juu afungue maji na akafungua, kaaibika. Wasichokiona ni kwamba usiku babu alienda kwa wa chini na kibatari, mimi nimebeba kibatari ndo maana najua, akamwambia na wewe yale masale, mimea ya kuonyesha mpaka, uliyoyasogeza mwaka juzi ukaingia kwa mwenzio hatua mbili utayarudisha mvua zikianza, na mtu asisikie. Masale yakarudi. Yule wa chini mpaka anakufa alikuwa anajisifu kilabuni kwamba alimnyoosha jirani yake, na babu anamsikia, anakunywa mbege yake tu.

Tatizo la siri ndo hilo, mwenye kujisifu anabaki na hadithi nusu na watoto wanasoma hiyo hiyo. Hata makamu wa rais Lyndon Johnson inaelezwa hakuambiwa habari ya Uturuki, na ndiye aliyekuja kuwa rais akazama Vietnam. Khrushchev naye kwao akaonekana kashindwa, Oktoba 1964 wenzake wakamtoa.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho mimi hunichekesha na kunitisha. Dobrynin alisimulia mwenyewe kwamba ripoti zake za siri siku zile za moto zilikuwa zinachukuliwa ubalozini na kijana wa Western Union, kampuni ya kupeleka telegramu, kwa baiskeli, yaani dunia inaning'inia na wao wanaomba jamaa asisimame njiani kuongea na mpenzi wake. Ndo mwaka uliofuata wakaweka mtambo wa moja kwa moja Washington na Moscow, na wala haikuwa simu nyekundu kama ya kwenye muvi, ilikuwa teleprinta, mashine ya kutuma na kuchapa maandishi.

Rais Reagan mliyemsifu mwishoni nae ni hivyo hivyo. 1983 aliwaita Warusi dola la uovu, mwaka huo huo pande zote mbili karibu zichomane kwa kutoelewana, lakini kilichoteketeza makombora 2,692 ni ule mkataba aliosaini na Gorbachev, kiongozi wa Warusi, Desemba 1987, baada ya kukaa nae Geneva na Reykjavik wakabishana mezani.

Na kama mnataka mfano wa kutunisha kifua kukaleta hasara, upo hapa hapa kwetu. Februari 1965 Ujerumani Magharibi ilikasirika kwa sababu tumeruhusu Ujerumani Mashariki iwe na konseli Dar, yaani ofisi ndogo ya uwakilishi, wala haukuwa ubalozi kamili, Mwalimu alikuwa ameshatafuta njia ya katikati. Serikali yao kule Bonn ikakata msaada wa kijeshi wakidhani tutalegea. Mwalimu akawaambia wachukue na uliobaki.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni dogo, mkirudia makala hiyo wekeni na aya moja ya Uturuki, na ikiwezekana iwe kwenye gazeti la Jumamosi maana ndo siku yule kijana wa bodaboda anakuwa kilabuni mapema, nitamsomea mwenyewe.

Mwalimu mstaafu na mkulima wa kahawa,
Kibosho, Moshi