Kurusha harusi mubashara si lazima mashine mpya

Mhariri,

Kila msimu wa harusi, tangu kumbi za Nyali hadi Mji wa Kale, malalamiko ni yale yale: matangazo yakianza tu, feni ya laptopu inavuma, picha inakwama, na mwenye harusi anaambiwa kompyuta ni kuukuu. Mara nyingi mashine haina kosa. Kilichozidi ni kazi iliyobebeshwa enkoda, programu inayobana video ili ipite kwenye intaneti.

Fremu ya 1920 kwa 1080 hukatwa vipande 8,160, kila kimoja pikseli 16 kwa 16. Katika H.264, kiwango cha kubana video kilichotoka 2003, kipande hutafutiwa kinachofanana nacho kwenye fremu iliyopita, kisha hutumwa tofauti tu. Ukipekua pikseli 16 kila upande bila kuruka, hizo ni nafasi 1,089, na kila nafasi yataka hesabu 256 za kutoa, moja kwa kila pikseli. Kwa fremu 25 kwa sekunde ni kutoa kama bilioni 57 kila sekunde! Njia ya mkato, utafutaji wa almasi, hupima nafasi au nukta nne kuizunguka ya katikati, huhamia iliyo bora, hupima tena, na husimama katikati ikishinda. Zikipimwa nukta 20 kwa kila kipande, bilioni 57 zimekuwa kama bilioni 1.

Almasi nayo ina pale inapoteleza. Feri ya Likoni huenda kwa pamoja, basi vipande vyake hunaswa upesi. Mawimbi yaliyo ubavuni mwake hayafanani na chochote cha fremu iliyopita, na almasi hutua popote.

Kwa wanaotumia x264, enkoda ya H.264, kosa kubwa ni kukimbilia mpangilio wa kasi kabisa, "ultrafast". Hiyo huzima CABAC (njia ya kufungasha data kwa ufupi zaidi), fremu za B (zinazokisiwa kutokana na fremu za kabla na za baada) na kichujio kinacholainisha mipaka ya vipande. Kwa kasi ile ile ya intaneti, mabuibui meusi yanageuka miraba miraba. Chagua "veryfast". Hurejelea fremu 1 badala ya 3 za "medium", mpangilio wa kawaida, na hupunguza usakaji wa sehemu za pikseli kutoka daraja la 7 hadi la 2, lakini zana zile tatu hazigusi. Ikizidiwa bado, shuka hadi 1280 kwa 720: vipande 3,600, chini ya nusu ya kazi. Kwetu sisi, 720 safi ni bora kuliko 1080 iliyochakaa.

HEVC ya 2013, kiwango kilichoifuata H.264, msiijaribu mubashara kwa laptopu ya zamani. Vipande vyake hufika 64 kwa 64, hugawika hadi 8 kwa 8, na utabiri wa ndani ya fremu (kukisia kipande kutokana na jirani zake) peke yake una njia 35 za kuchagua.

Taa pia. Ukumbi ukiwa na giza, kamera hupandisha wepesi wake wa kunasa mwanga (ISO) na picha hujaa chembechembe zinazobadilika kila fremu. Ukuta mweupe nyuma ya bibi harusi, ambao ungerukwa bila kazi, sasa unapekuliwa upya kila mara. Taa mbili za ziada ni nafuu kuliko prosesa.

Tena, jaribio la dakika 2 hudanganya, kwa kuwa prosesa bado haijapata moto. Kwa joto la hapa Mombasa, jaribu dakika 20 kwa video iliyokwisha rekodiwa ya wacheza chakacha, si ya ukuta. Kasi ya enkoda isiposhuka chini ya fremu 35 kwa sekunde, unayo akiba ya kutosha kwa matangazo ya 25.

Nakala ya kumpa mwenye harusi kwa flashi ni mambo mengine: iachie "slow" usiku kucha.

Mafundi wa video,
Mombasa