Jumamosi ufuoni: magunia na kandambili

Asalaam aleikum jamaa, hamjambo wote?

Jumamosi tukutane ufuoni kuokota taka, saa moja asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Kila mtu aje na gunia. Tafadhali, msije na mifuko ya plastiki. Ilipigwa marufuku Kenya nzima tangu Agosti 2017 na itakuwa aibu sisi kuonekana nayo.

Safari hii tutatenganisha: kandambili peke yake, vifuniko peke yake, chupa peke yake. Jana mmoja wetu aliuliza kwa nini tujisumbue, taka si taka tu? Sivyo, ndugu yangu. Kumbukeni jahazi la Flipflopi la Lamu. Mkuku (uti wa chini), mataruma (mbavu zake) na mbao zake zote ni plastiki iliyookotwa, ikayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kisha mafundi wakaichonga kama wanavyochonga mti. Tani 10 hivi za plastiki, na ubavuni likavishwa kandambili 30,000 za kila rangi. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja, kilomita 500. Fundi wake mkuu alikuwa Ali Skanda, mtu wa Lamu.

Mimi binafsi jahazi lile nalipenda kwa uzuri wake, ila sidanganyiki: chupa zinaingia baharini kwa kasi kuliko tunavyoweza kuunda majahazi. Kwa hiyo baada ya kuokota tuzungumze pia na wenye vibanda, ili chupa zipungue.

Glavu ninazo jozi kumi na mbili tu, wa kwanza kufika ndiye atakayepata. Chai na mahamri juu yangu.