Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Tufungulieni vyumba tulivyo navyo

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

YAH: MATUMIZI YA VYUMBA, VIWANJA NA FUNGUO ZA CHUO KWA USTAWI WA WANAOISHI NDANI YAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhadhiri na mlezi wa bweni. Ulezi nimeufanya miaka kumi na miwili, na mengi ninayoyajua kuhusu chuo chetu nimeyajua usiku, baada ya ofisi kufungwa. Mchana chuo ni foleni, mihadhara na mihuri. Usiku ndipo unapoona nani ana mahali pa kwenda na nani hana.

Muhula uliopita, yapata saa 4 usiku, nilimkuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameketi kwenye ngazi za bweni, daftari magotini, akisoma kwa taa ya ukumbini. Nilimuuliza kwa nini hasomei chumbani. Akasema mwenzake amelala, hapendi kumwashia taa. Maktaba? Imefungwa. Chumba cha mapumziko? Akanyoosha kidole kuelekea mlangoni, nami nikaona kufuli ambalo nimepita mbele yake kila siku kwa miaka bila kulitazama. Nikaketi naye. Tulizungumza kwanza habari za masomo, kisha, polepole, akaniambia kwamba tangu afike hajapata mtu wa kumwita rafiki na kwamba anafikiria kurudi kwao.

Chumba kile kilikuwa hatua kumi kutoka tulipoketi. Kina meza, kina umeme, kina madirisha makubwa. Kilifungwa zamani baada ya viti viwili kuvunjika. Fundi hakupatikana, bajeti ya ukarabati haikuwapo, na kufunga mlango hakukumgharimu mtu yeyote chochote. Ndivyo ilivyoonekana wakati ule.

Mheshimiwa, siombi jengo jipya. Nalisema hili mapema kwa kuwa najua kila tunapotaja ustawi wa wanafunzi katika vikao, mazungumzo huishia kwenye uhaba wa fedha, na uhaba huo ni wa kweli. Ninachoomba ni tuhesabu upya tulicho nacho.

Wasimamizi wa majengo ya vyuo vikuu wana kanuni rahisi ya kupima matumizi ya chumba. Huangalia chumba kina watu kwa sehemu gani ya saa zote zinazohesabiwa, kisha huangalia viti vingapi hukaliwa kinapotumika, na huzidisha namba hizo mbili. Darasa lenye watu nusu ya saa za wiki, na linalojaa nusu tu kila linapotumika, linatumika kwa asilimia 25. Kwenye ratiba darasa hilo linaonekana lina shughuli nyingi, kumbe robo tatu ya uwezo wake inapotea. Tena saa zinazohesabiwa kwa kawaida ni za kazi tu. Jioni na mwisho wa wiki havimo kabisa, na hizo ndizo saa ambazo mwanafunzi anayeishi chuoni huwa hana kipindi, hana ofisi ya kumpokea, na ana muda mrefu wa kukaa na mawazo yake.

Ratiba yetu nayo haisemi ukweli wote. Mhadhiri huomba ukumbi kwa muhula mzima, akahamishia somo lake kwenye maabara wiki ya tatu, na ukumbi ukabaki umeshikiliwa kwa jina lake hadi mitihani. Kikundi cha wanafunzi kikiomba kuutumia kwa saa mbili, kinaambiwa umejaa. Hili nimelifanya mimi mwenyewe, zaidi ya mara moja. Ndiyo maana naomba, kabla ya mipango mingine yote, watu watembee na karatasi mlango kwa mlango, kila saa, kwa wiki moja ya kawaida ya muhula, kuanzia asubuhi hadi saa 5 usiku, na waandike wanachokiona. Tusitegemee ratiba kutuambia.

Huenda ukauliza kufuli linahusianaje na upweke. Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti walioufanya katika makazi ya wanafunzi waliooa wa chuo cha MIT, Marekani. Wakazi wale hawakujichagulia majirani. Walipewa nyumba kadiri zilivyopatikana. Watafiti waliwauliza wanashirikiana zaidi na nani. Majirani wa mlango unaofuata walitajana kwa asilimia 41. Milango miwili mbali, asilimia 22. Waliokaa ncha mbili za ukumbi uleule, ghorofa ileile, asilimia 10 tu. Na wale ambao milango yao ilikuwa karibu na ngazi na masanduku ya barua, mahali ambapo kila mtu alilazimika kupita, walipata marafiki zaidi kutoka ghorofa ya juu.

Nimeusoma utafiti huo mara nyingi, na kila mara unanirudisha kwenye ngazi zile. Mtu hufanya urafiki na yule anayekutana naye tena na tena bila kupanga. Kwa hiyo anayechora ramani ya jengo, anayeamua benchi likae wapi, na hata anayeshika ufunguo, anashiriki kuamua nani atamjua nani. Sisemi ukaribu unatosha. Ukaribu huzaa ugomvi pia, na mlezi yeyote wa bweni atakueleza amesuluhisha mangapi. Lakini ugomvi unaweza kusuluhishwa. Wanafunzi wasiokutana hawaletei mlezi kesi yoyote, na siku mmoja wao anapofungasha mizigo, sisi ndio tunaoshangaa.

Mtaalamu Vincent Tinto alieleza tangu mwaka 1975 kwamba mwanafunzi hubaki chuoni anapotia mizizi pande mbili, katika masomo na katika maisha ya jamii ya chuo. Upande wa kwanza tunaupima kwa alama, kwa mahudhurio, kwa vikao vya Seneti. Upande wa pili tumeuachia bahati. Shirika la Afya Duniani, ambalo katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 1948 inahesabu ustawi wa kijamii kuwa sehemu ya afya sawa na ule wa mwili na wa akili, lilitoa ripoti mwaka 2025 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani ameguswa na upweke, na vijana ni miongoni mwa walioathirika zaidi. Hao vijana ndio tunaowapokea kila mwaka na kuwagawia vitanda.

Tuna ofisi ya unasihi, na wanasihi wetu wanafanya kazi kwa moyo kuliko nguvu walizonazo. Foleni yao ni ndefu. Baadhi ya waliomo ndani yake wanahitaji kweli mtaalamu, tena kwa haraka. Wengine, na hapa natoa maoni yangu ya miaka mingi, wanahitaji meza yenye watu watatu wanaowajua kwa majina. Tumemfanya mnasihi awe mlango pekee uliobaki wazi, kisha tunamlaumu kwa msongamano.

Najua jibu ambalo Idara ya Miliki itakuletea: vitaibwa, vitavunjwa, vitachafuliwa. Hofu hiyo siidharau. Wao ndio huitwa asubuhi kukiwa na kioo kilichopasuka. Lakini hoja kwamba mali ya wote lazima iharibiwe na wote, ambayo Garrett Hardin aliipa umaarufu mwaka 1968, ilijibiwa kwa kina na Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi, mwaka 2009. Alichunguza malisho, misitu, mifereji ya umwagiliaji na maeneo ya uvuvi ambayo jamii zimeyatunza kwa vizazi vingi bila kuyauza wala kuyakabidhi kwa serikali. Alikuta mambo yanayojirudia: watumiaji wenyewe wameshiriki kutunga kanuni, walinzi wanawajibika kwao, na adhabu huanza ndogo ikapanda kwa anayerudia. Katika kijiji cha Törbel, Uswisi, kanuni ya mwaka 1517 ilimkataza mwanakijiji kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko aliowaweza kuwalisha wakati wa baridi. Kanuni fupi, kila mtu anaielewa, na kila jirani anaweza kuihakiki kwa macho.

Kwetu ingekuwa hivi: kikundi kisishike chumba kwa saa nyingi kuliko zile kinazoweza kukisafisha na kukilinda. Wanaotaka Jumamosi nzima, walete watu wa zamu wa Jumamosi nzima.

Kamati ya kutunga kanuni hizo isiwe ya wakuu wa idara pekee. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wengi wetu tunaopitisha mipango ya majengo hatujawahi kuwa ndani yake baada ya jua kutua. Wawemo wanafunzi wa bwenini na wale wanaotoka nje ya chuo, ambao kati ya kipindi cha asubuhi na cha jioni hawana hata pa kuweka begi. Wawemo walinzi. Wawemo wahudumu wa usafi. Hawa wa mwisho nawataja kwa uchungu, maana ustawi wa chuo tunauzungumza kana kwamba ni wa wanafunzi peke yao, huku wanaotufagilia madarasa wakipumzika stoo, juu ya ndoo walizozigeuza. Nimewakuta hivyo mchana, mita chache kutoka chumba cha mikutano kisicho na mkutano.

Kuna jambo jingine ambalo si rahisi kulisema. Kumbi zetu kubwa hukodishwa kwa watu wa nje mwisho wa wiki, na mapato hayo yanasaidia. Lakini ukumbi unaokodishwa zaidi ndio huohuo wenye njia ya kiti cha magurudumu na choo kinachofikika. Wanafunzi wenye ulemavu wanapoambiwa wajipange upya kila kunapokuwa na mgeni, wanaelewa tumewaweka nafasi gani. Kodi ya ukumbi ina mstari wake kwenye hesabu. Ada ya mwanafunzi aliyeondoka haiandikwi popote kwamba ilipotea. Naomba Baraza la Chuo liweke idadi ya siku ambazo kumbi hizo hazikodishwi kabisa, na sehemu ya kodi inayopatikana siku nyingine iende moja kwa moja kwenye ukarabati mdogo: bawaba, balbu, viti. Kiti kilichovunjika kikitengenezwa ndani ya wiki, hakifungi chumba kwa miaka.

Nje ya majengo kazi ni nyepesi zaidi. William Whyte, aliyetumia miaka ya 1970 kuwapiga picha na kuwahesabu watu katika viwanja vya wazi vya New York, alikuta kwamba watu huketi zaidi palipo na mahali pa kuketi. Ni jambo dogo hata linaonekana halihitaji utafiti, lakini tazama uwanja wetu wa mbele: nyasi zilizozungushiwa kamba, na mabenchi ya zege yaliyopigwa mstari, kila moja likitazama mgongo wa jingine. Whyte alisifu sana viti vinavyohamishika. Watu huvisogeza hata kidogo tu kabla ya kukaa, wakijipangia wenyewe umbali wanaoutaka. Kamba ziondolewe, viti viwekwe, na taa mbili zilizokufa njiani ziwashwe, kwa kuwa wasichana wengi hawapiti pale baada ya saa 1 jioni, na uwanja usiopitika gizani kwao umefungwa, hata bila kufuli.

Naomba tuanze na muhula mmoja. Kila bweni lifungue chumba kimoja hadi saa 6 usiku, kiwe na daftari la zamu, na mwisho wa muhula tuhesabu mawili: vilivyoharibika, na watu waliokitumia. Namba zikitukatalia, nitakubali nimekosea, tena kwa maandishi.

Kijana niliyemkuta ngazini bado yupo. Siku hizi wako watatu pale, wamezoea kusomea ngazi zilezile, na mmoja wao ameleta mto wa kukalia. Ufunguo wa chumba cha mapumziko uko Idara ya Miliki. Nimeuliza, nikaambiwa unatoka kwa kibali chako tu. Nitakuwa nje ya ofisi yako Jumatatu saa 2 asubuhi, na fomu ya kibali nimekwisha kuijaza.

Wako katika kazi,

Mlezi wa bweni