Wito wa Mchango: Tuyanusuru Magazeti ya Unguja ya 1945

Ndugu zetu, wazee wetu na wanafunzi wetu wa zamani mlioko Unguja, Pemba, Bara, Maskati, Dubai na Uingereza,

Assalaam alaykum.

Kamati ya wazazi na walimu wa skuli yetu inaomba mchango wenu ili kuyanusuru magazeti yaliyochapwa hapa kisiwani Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikimalizika. Familia za mtaani zinatuletea mafurushi kutoka masandukuni: Al-Falaq, Samachar, Mwongozi, na Mazungumzo ya Walimu, jarida la walimu wa Unguja lililoanza 1927. Hali yake inatia huruma. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na asidi iliyomo huila taratibu. Humu mwetu pana chumvi ya bahari, unyevu wa masika na mchwa juu yake. Kurasa nyingine zinavunjika kwa kukunjuliwa tu.

Japani iliposalimu amri Agosti 1945, kisiwa kilikuwa kimeionja vita sufuriani. Mchele wa Burma, Myanmar ya leo, ulikatika 1942 Wajapani walipoiteka nchi ile. Ukaja mgawo, na mgawo wenyewe ukafuata kabila: aliyeandikwa Mwafrika hakupewa sawa na aliyeandikwa Mwarabu au Mhindi. Machungu yale hayakuisha na vita, na sisi tunaamini huwezi kuielewa siasa ya miaka ya hamsini bila kuyajua. Huku vijana wa Afrika Mashariki wakipigana Burma kwenyewe. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Wakafa watu wapatao 1,300, wengi wao askari wa Afrika Mashariki.

Kila jumuiya ilikuwa na gazeti lake na lugha yake. Al-Falaq lilikuwa la Waarabu, Samachar likaandikwa Kigujerati na Kiingereza. Afrika Kwetu, gazeti la Chama cha Waafrika, lilikuja 1948, mwaka ule ule wa mgomo mkuu wa wafanyakazi wa Unguja. Anayesoma moja tu anapata kisiwa nusu. Ndiyo maana tunataka yote yapigwe picha na kuwekwa pamoja, watoto wetu wayasome ubavu kwa ubavu, na nakala zipelekwe Nyaraka za Taifa, Kilimani.

Tunahitaji shilingi milioni 6. Sehemu kubwa ni ya kamera na meza yake, pamoja na makasha yasiyo na asidi. Inayobaki ni ujira wa wasomaji wa Kigujerati na Kiarabu, kwa kuwa kazi hii haifai kuombwa bure kwa wazee.

Mwenye gazeti nyumbani, hata ukurasa mmoja, tunaomba atuazime tu, litarudi kwake. Tafadhali msiligandishe kwa seloteipu wala kulitia plastiki, vinaliharibu zaidi. Familia zilizohama baada ya 1964 huenda zilichukua nakala ambazo hapa hazipo tena, kwa hiyo tazameni masanduku ya marehemu wenu.

Fedha zinapokelewa na mweka hazina wa kamati ofisini skuli, asubuhi, kwa stakabadhi. Hesabu itabandikwa ubaoni kila mwisho wa mwezi, na walio nje watapelekewa na jamaa zao.