Kijana akifanya kazi alipwe siku aliyoahidiwa

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongelee hizi ajira za muda ambazo serikali za mitaa zinawapa vijana wadogo, nina maana wale wa miaka 15 mpaka 19 hivi, walioacha shule au walioanza kuzurura na makundi ambayo hata mzazi anaogopa kuuliza. Mimi nimewahi kusimamia vijana kama hao sita kwenye kazi za halmashauri, kwa hiyo ninachosema nimekiona.

Watu wengi wanadhani faida ya hizi kazi ni kuwaweka bize tu, yaani akishinda anapanga mafaili au kutunza bustani hatapata muda wa kukaba watu. Sio hivyo. Jiji la Chicago kule Marekani mwaka 2012 lilifanya kitu kizuri sana, walichukua wanafunzi 1,634 kutoka shule 13 za maeneo yenye vurugu nyingi, ikachezeshwa bahati nasibu nani apate kazi nani akose, waliopata wakafanya kazi za wiki 8, masaa 25 kwa wiki, kwa mshahara wa kima cha chini, alafu wakapewa watu wazima wa kuwa nao karibu. Watafiti wakawafuatilia miezi 16 wakakuta kukamatwa kwa makosa ya ukatili kumepungua kwa 43% ukilinganisha na wale waliokosa nafasi. Na tofauti kubwa ilionekana baada ya kazi kwisha, sio wakati wako kazini! Kwa hiyo kuna kitu kijana anatoka nacho pale, na mi naamini kitu chenyewe ni kuona kuna mtu mzima amesema jambo na likawa.

New York nao wana mpango wao tangu 1963, waombaji ni wengi kuliko nafasi kwa hiyo ni bahati nasibu vilevile. Walipofuatiliwa ikaonekana waliopata nafasi hawakuja kupata hela nyingi kuliko wenzao miaka iliyofuata, lakini waliofungwa jela walikuwa wachache na waliokufa walikuwa wachache. Kwangu mimi hiyo inatosha kabisa, mtoto awe hai na asiwe jela, mengine atayatafuta. Ila viongozi waache kuwadanganya vijana kwamba hizo wiki chache ndo ajira ya kudumu.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Kati ya wale sita wangu kulikuwa na mmoja, wa kwanza kufika kila asubuhi, alikuwa hajawahi kusaini kitu chochote maishani mwake. Siku ya kwanza kwenye daftari la mahudhurio aliandika jina lote kwa herufi kubwa. Baada ya siku chache nikafungua ukurasa wa nyuma wa lile daftari nikakuta ameujaza saini, kama thelathini hivi, anajaribu ipi ni yake. Mwisho wa mwezi ukafika hela haikuingia. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mzee, ni lini?" Nikamwambia wiki ijayo maana na mimi ndivyo nilivyoambiwa. Wiki ijayo ikaja tena nikarudia yaleyale, mara ya tatu hakuuliza, na wiki iliyofuata hakuja, ile koti ya kazi kaiacha imekunjwa vizuri juu ya kiti. Hela ilikuja kutoka baada ya miezi miwili na yeye alishakuwa na watu wengine, na hao watu wengine Mhariri wanalipa jioni hiyohiyo.

Hapo sisi tumefanya vibaya kuliko kama tusingempa kazi kabisa, maana kabla ya hapo alikuwa anahisi tu kwamba watu wazima wa ofisini ni waongo, sasa ana ushahidi.

Jambo lingine ni majina. Orodha ikitangazwa unakuta nusu ni watoto wa watu wenye ndugu ofisini, vijana wazuri tu na mi sina ugomvi nao, lakini hawakuwa hatarini. Waandikwe wale wanaojulikana na walimu na maafisa ustawi kwamba wanateleza, alafu nafasi zichezeshwe bahati nasibu hadharani. Na kazi ziendane na umri, mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1973 umeweka miaka 18 kwa kazi za hatari, kwa hiyo kumwingiza mtoto wa miaka 16 kwenye mtaro wa maji taka bila glavu sio kumsaidia.

Ombi langu kwa madiwani ni hili, msitangaze nafasi hata moja kabla hela ya mishahara ya vijana wote haijakaa kwenye akaunti. Kama ipo ya vijana 20 waiteni 20, msiite 60 ili mpige nao picha siku ya uzinduzi. Walipwe kila wiki, na kila vijana watano au sita wawe na mtu mzima mmoja wa kwao, huyohuyo mwanzo mpaka mwisho, ambaye kijana asipofika anapiga simu kuuliza kulikoni.

Ni mimi msomaji wako,
Msimamizi wa zamani